Mnachoiga ni Kasoro

Wanangu, nyinyi mnaokesha na pasi ya lehemu mkitengeneza vijisanduku vya pedali za gitaa vya volti 9 na kuviandika juu majina ya amplifaya za zamani, "Bassman", "Plexi" au "AC30", nina maneno nanyi. Sisemi kwa kuwabeza. Fundi wa redio wa rika langu akimwona binti wa miaka ishirini anafuata mchoro wa saketi kwa ncha ya penseli, moyo wake hutulia, maana ilifika mahali tukadhani kazi hii itazikwa pamoja nasi. Simu ziliingia, runinga zikawa vitu vya kutupa, na vijana wakaacha kufungua vitu. Sasa mnavifungua tena, na mnavifungua kwa ajili ya muziki. Hilo ni jema.

Linalonisumbua ni mahali mnapoanzia. Mnapata mchoro, mnanunua vipuri, mnalehemu, mnawasha. Ikilia vizuri mnashangilia, ikilia vibaya mnatafuta mchoro mwingine. Baada ya muda kijana ana kabati zima la pedali zenye majina makubwa, na ukimwuliza hii inafanya nini ambacho ile haifanyi, anakutajia jina la amplifaya. Jina si jibu. Kabla hujanunua hata rezista moja nataka uniambie hiyo amplifaya ya zamani unayoiiga ilikuwa inakosea wapi.

Maana mnachoiga ni kasoro, na msinikasirikie kwa kulisema. Leo Fender wa Fullerton, California, alianza kwa kutengeneza redio za watu, na alipoingia kwenye amplifaya alitaka sauti kubwa iliyo safi. Bassman yake ilikusudiwa gitaa la besi. Sauti ya kupasuka haikuwa sehemu ya mpango wake. Wapiga gitaa ndio waliozungusha kitufe cha sauti kupita pale mhandisi alipotaraji waishie, na valvu zikaanza kukata vichwa vya mawimbi. London, mwaka 1964, Dave Davies wa bendi ya The Kinks alichukua wembe akaichana karatasi ya spika ya kijiamplifaya chake ili ikorome. Spika iliyochanwa! Mteja akiniletea spika ya namna hiyo namwambia aende akanunue nyingine. Lakini mlio ule ulisikika dunia nzima, na leo mnatafuta dayodi na kapasita za kuurudisha.

Kitu kilichopata utamu wake kwa kukosea hakiigiki mpaka ujue kosa lilikaa kwenye kiungo gani.

Tazameni ukoo mmoja tu. Bassman ya mwishoni mwa miaka ya 1950, ile ambayo mchoro wake unaitwa 5F6-A, ilikuwa na valvu mbili za 5881 za kusukuma spika, valvu ya GZ34 ya kugeuza mkondo geu kuwa mnyoofu, na spika nne za inchi 10 katika kabati lililo wazi nyuma. Mwaka 1962, katika duka la ala za muziki la Jim Marshall huko Hanwell, magharibi mwa London, Ken Bran na Dudley Craven waliunda amplifaya yao ya kwanza kwa kuufuata mchoro ule karibu mstari kwa mstari. Vipuri vya Marekani vilikuwa ghali, wakatumia vilivyopatikana Uingereza: transfoma za huko na, baada ya muda, valvu za KT66. Valvu ya kwanza kabisa, ambayo kwa Fender ilikuwa 12AY7, wao waliweka ECC83, ambayo Wamarekani huiita 12AX7 na ambayo hukuza zaidi ya mara mbili ya ile. Spika wakatia nne za inchi 12, za Celestion, katika kabati lililozibwa nyuma. Ukiitazama michoro miwili kwa haraka utasema ni mmoja. Masikio hayatakubali. Baadaye tena, kwenye sehemu ya besi na treble, rezista ya kilo-omu 56 ikawa ya 33, kapasita ya pikofaradi 250 ikawa ya 500, na mlio ukasogea mbali zaidi na ule wa California, sauti ya kati ikajitokeza.

Kwa hiyo kijana anayeniambia, "Mzee, kapasita ile sikuipata, nimeweka iliyokuwapo, si kitu," namjibu kwamba Marshall nzima ilizaliwa na hilo "nimeweka kilichokuwapo". Badilisha, sikukatazi. Ila andika umebadilisha nini, na usikilize kilichotokea kabla hujabadilisha kingine.

Sasa niingie kwenye jambo lenyewe, kwa sababu hapa ndipo ninapowaona wengi mkipotea. Kuna kanuni mnayoipenda: chukua mchoro wa sehemu ya mbele ya amplifaya, kila palipo na nusu ya 12AX7 weka transista ya JFET, shusha umeme kutoka mamia ya volti hadi 9, wacha kapasita na sehemu ya besi na treble kama zilivyo. Kanuni nzuri. Inafundisha mengi kwa gharama ndogo, na kwa amplifaya za miaka ya 1980 na kuendelea inafika karibu kabisa, kwa sababu zile zilipasua sauti huko mbele, hatua moja ikiijaza inayofuata mpaka wimbi linakuwa bapa.

Lakini Bassman haikupasukia mbele. Wala Marshall za mwanzo, wala AC30. Valvu zao ndogo za mbele zilipitisha gitaa bila kulijeruhi sana. Vita vilipiganwa nyuma, kwenye hatua inayoligawa wimbi mara mbili, kwenye valvu za nguvu na kwenye transfoma ya spika. Ukichora upya sehemu ya mbele ya Bassman kwa transista na kuishia hapo, umeiga kwa uaminifu mkubwa ile nusu ambayo haikuwa na kosa.

Na huko nyuma kila moja ilikosea kwa namna yake. Bassman ina njia inayochukua sehemu kidogo ya sauti ya mwisho na kuirudisha nyuma ili makosa yajisahihishe. Kwa hiyo inabaki safi muda mrefu, inavumilia, inavumilia, halafu inapasuka kwa ghafla. AC30, ambayo Dick Denney aliiunda kwa ajili ya kampuni ya Jennings huko Dartford, ina valvu nne za EL84 na haina njia hiyo ya kujisahihisha. Yenyewe inaanza kuchafuka mapema na kidogo kidogo, kiasi kwamba mpigaji anaweza kuiongoza kwa uzito wa kidole tu. Fender Deluxe ndogo ya miaka ile, yenye mchoro wa 5E3, valvu mbili za 6V6, spika moja ya inchi 12 na nguvu ya takriban wati 12, hiyo inakosea karibu kila mahali kwa wakati mmoja, na vitufe vyake viwili vya sauti vinaingiliana hata ukizungusha kile usichokitumia. Mtu anayetaka kuiga amplifaya hizi tatu kwa saketi moja, akibadilisha jina la juu ya sanduku, anajidanganya.

Kuna pia kule kubonyea kwa sauti. Ukiupiga uzi kwa nguvu, valvu za nguvu zinataka umeme mwingi mara moja, valvu ya kunyoosha mkondo haiwezi kuutoa haraka, volti inashuka, noti inabanwa, kisha inafura tena taratibu. Mpiga gitaa huisikia hali hiyo kwenye vidole kabla ya masikio. Nimeona vijana wanaweka rezista kwenye njia ya umeme wa pedali wakidhani watapata kitu hicho. Hawatakipata. JFET ndogo hunywa karibu umeme uleule ukipiga kwa nguvu au kwa upole, kwa hiyo hakuna cha kuishusha ile volti. Ukitaka kubonyea, ongeza hatua inayopima ukubwa wa sauti na kuibana, au likubali pengo hilo na uliseme wazi.

Jambo lingine la Bassman ambalo michoro ya haraka hulimeza: kabla ya vitufe vya treble, besi na kati, pana nusu ya valvu isiyokuza chochote. Kazi yake ni kusukuma tu, ili vitufe vile visiielemee hatua iliyotangulia. Kwa kuwa haikuzi, vijana huiona ya bure na kuiondoa. Matokeo yake vitufe vinaning'inia kwenye dreni ya JFET ambayo haina nguvu ya kuvisukuma, treble inafifia, sauti inapungua, na kijana anahangaika kubadilisha kapasita usiku kucha. Weka JFET nyingine pale, sauti ukiitoa kwenye sosi, halafu uone.

Tuje kwenye hizo JFET zenyewe. Mchoro umeandikwa J201, umenunua J201 nne, umezilehemu, na pedali yako inalia tofauti na ya mwenzako aliyefuata karatasi ileile. Mnalaumiana. Karatasi ya mtengenezaji wa J201 yenyewe inakwambia kwamba mkondo inaoupitisha ikiwa wazi kabisa unaweza kuwa miliampea 0.2 au unaweza kuwa 1, na volti ya kuizima inaweza kuwa 0.3 au 1.5. Yaani mbili za pakiti moja zinaweza kutofautiana mara tano na zote zikawa nzima. Aliyechora ule mchoro alichora kwa zile alizokuwa nazo mezani kwake. Karatasi haizijui za kwako.

Na hapo nimezungumzia za kweli. Zile za miguu mitatu mirefu zimeadimika baada ya watengenezaji kuhamia kwenye vidude vidogo vya kubandika juu ya bodi, na palipo na uhaba hapakosi mjanja. Madukani na mtandaoni zimejaa transista zilizoandikwa upya mgongoni. Msizijaribu kwa kuzilehemu, zijaribuni kwa mita. Betri ya volti 9, unga geti na sosi pamoja kwenye hasi, kisha pitisha chanya kwenda dreni kupitia mita iliyowekwa kwenye miliampea. Kinachosomeka ndicho kile kiasi cha mkondo. Halafu dreni iende moja kwa moja kwenye chanya, geti ibaki kwenye hasi, na mita sasa iwe ya volti, kati ya sosi na hasi, bila kitu kingine. Hapo utasoma namba inayokaribia sana volti ya kuizima. Dakika moja kwa kila transista. Ikikusomea miliampea 8, hiyo si J201, hata iwe imeandikwa kwa dhahabu.

Zikishapimwa, zibandike kwenye karatasi na namba zake, kisha zipange kwa akili. Ile inayozimika kwa volti 0.4 ukiiweka mahali panapofikiwa na ishara kubwa itakata mapema mno. Ile ya volti 1.2 itavumilia. Mahali pa kuweka kosa ni uamuzi wako, na uamuzi huo ndio ufundi wenyewe. Hii ya kuchomeka yoyote popote kisha kuzungusha rezista ndogo ya kurekebishia volti ya dreni mpaka ilie ni kamari.

Mnapozungusha, wengi wenu mmekariri kwamba dreni iwe na volti 4.5, nusu ya betri. Nani aliwaambia ni sheria? Ni mahali pa kuanzia. Hatua ya valvu mara nyingi haikati wimbi sawasawa juu na chini; upande mmoja hutangulia, na hapo ndipo linapotoka lile joto mnalolisifia. Ukiiweka transista katikati kabisa kwa mita unaweza kuwa umeliondoa kosa ulilokuja kulitafuta. Anza na 4.5, mwombe mwenzako apige noti moja moja polepole, nawe uzungushe kwa bisibisi ukisikiliza noti inavyokufa. Ikikatika mwishoni kwa mkwaruzo, umezidi. Na mkilinganisha mipangilio miwili, sawazisheni ukubwa wa sauti kwanza. Sikio la binadamu huipenda iliyo kubwa zaidi na kudai ni tamu zaidi. Nimeona mabishano ya saa nzima yakiisha baada ya mtu mmoja kushusha kitufe kidogo.

Halafu spika. Hili nalisemea nyumbani, kwa sababu hapa kwetu wapigaji wengi hawana amplifaya ya gitaa. Kanisani, harusini, ukumbini, gitaa linachomekwa kwenye miksa na kutoka kwenye spika kubwa za ukumbi. Spika ya gitaa ya inchi 12 huporomoka vibaya ukipita takriban herzi 5,000. Haiwezi kuzitoa sauti nyembamba za juu, na udhaifu huo ndio ulioifunika michirizi yote ya valvu zilizozidiwa. Spika za ukumbi hazina huruma hiyo. Pedali iliyolia vizuri kwenye amplifaya ya rafiki, ukiichomeka kwenye miksa, inalia kama nyuki waliofungiwa mkebeni, na mpigaji wa watu anaaibika mbele ya kadamnasi.

Waliofanikiwa kuitia amplifaya ndani ya kijisanduku walilielewa hilo mapema. Tom Scholz, mhandisi aliyekuwa pia mpiga gitaa wa bendi ya Boston, alitoa Rockman mwaka 1982, kidude cha kuning'iniza kiunoni na kusikiliza kwa hedifoni. Andrew Barta wa New York alitoa SansAmp mwaka 1989 ili mtu aingie moja kwa moja kwenye miksa au kwenye mashine ya kurekodi. Wote wawili walishughulika na spika, hawakuishia kwenye valvu. Mwanzo mdogo mnaoweza kuufanya ni huu: mwishoni mwa saketi, rezista ya kilo-omu 10 ikifuatwa na kapasita ya nanofaradi 3.3 kwenda hasi, itaanza kushusha kwenye karibu herzi 4,800. Weka nyingine kama hiyo baada yake ili mporomoko uwe mkali zaidi. Na tieni swichi ya kuiondoa, kwa siku mtakayobahatika kuchomeka kwenye amplifaya ya kweli, maana kuchuja mara mbili kutaifanya sauti iwe imevikwa blanketi.

Na kabla hamjaiga Marshall, semeni mtapiga muziki gani. Sikilizeni rekodi za Morogoro Jazz, gitaa la Mbaraka Mwinshehe: kila noti iko wazi, unaweza kuihesabu. Muziki wetu wa dansi, na soukous ya jirani zetu wa Kongo, umejengwa kwa magitaa mawili matatu yanayosemezana, na ukiyapasua yote unapata kelele moja. Kwa solo ya namna hiyo kosa la AC30, lile dogo linalokuja kwa kidole, lina faida. La Marshall litafunika gitaa la ridhimu na kumkera mwimbaji. Anayepiga roki na apasue apendavyo, hilo ni lake.

Umeme wa pedali nitaupitia haraka. Kiwango kilichozoeleka ni volti 9, hasi ikiwa katikati ya plagi, lakini adapta za mitaani zipo za kila namna, kwa hiyo wekeni dayodi ya 1N5817 mlangoni ili aliyekosea asiichome kazi yenu. Adapta nyepesi za bei chee huleta mluzi. Rezista ya omu 100 na kapasita ya mikrofaradi 100 kwenye njia ya umeme husaidia. Zile nzito za transfoma zilizoandikwa volti 9, zisipokuwa na mzigo, hutoa 12 au zaidi, na kama umetumia kidude cha MAX1044 cha kuzidisha volti, kinachovumilia 10 tu, kitakufa bila kuaga. Kikipiga mluzi mwembamba, unga mguu wake wa 1 na chanya. Mluzi utapanda juu ya uwezo wa masikio. Na mnapolehemu, fungueni dirisha, mkimaliza mnawe mikono kabla ya kula. Lehemu nyingi zinazouzwa zina risasi.

Sasa nisikilizeni vizuri, kwa sababu ninayosema hapa si ya ladha.

Pedali ya volti 9 haiui mtu. Ndiyo maana nafurahi mnaanzia hapo. Lakini njia hii ina mteremko. Anayeiga Bassman ipo siku ataikuta Bassman yenyewe, au jamaa yake aliyeko ughaibuni atamletea amplifaya ya valvu kwenye kontena, na mkono utamwasha kuifungua ili aone alichokuwa anakiiga. Ndani ya ile chasisi mna zaidi ya volti 400 za mkondo mnyoofu. Umeme huo haukuachi kirahisi ukiugusa. Misuli inajikaza na mkono unang'ang'ania. Na kuchomoa plagi hakutoshi. Kapasita kubwa za ndani zinaweza kuuhifadhi umeme ule muda mrefu baada ya amplifaya kuzimwa, ikiwa imekaa mezani kimya, taa zote zimekufa.

Kwa hiyo usifungue ukiwa peke yako nyumbani. Usifungue ukiwa pekupeku kwenye sakafu ya saruji. Chomoa plagi, usitegemee swichi. Tumia rezista ya kilo-omu 10 ya wati 5 iliyoungwa kwenye waya wenye klipu na mpira mzuri, klipu moja kwenye chasisi, ncha nyingine kwenye chanya ya kila kapasita kubwa, sekunde kadhaa kila moja, kisha pima kwa mita inayohimili volti hizo, na pima tena. Mkono mmoja ufanye kazi, mwingine uwe nyuma ya mgongo, ili mkondo usipate njia ya kukatiza kifuani. Wale wanaogusisha bisibisi na kucheka cheche ikiruka, msiwaige hata kama wana nywele nyeupe kuliko zangu.

Amplifaya ya Marekani ina jambo lake pia. Imetengenezwa kwa volti 120 na herzi 60. Sisi tuna 230 na 50. Ukiichomeka moja kwa moja utasikia harufu ya transfoma kabla ya kusikia gitaa. Tafuta transfoma ya kushusha, yenye nguvu ya kutosha, na hata hapo ujue kwamba kwa herzi 50 transfoma yake ya ndani itapata joto zaidi kuliko ilivyozoea. Zile za zamani sana zina plagi ya pini mbili, hazina waya wa ardhi, na kuna kapasita imeungwa kutoka njia ya umeme hadi kwenye chasisi. Chasisi imeungana na jeki, jeki na gitaa, gitaa na nyuzi za chuma, na nyuzi zimeshikwa na mtu ambaye mdomo wake unagusa maikrofoni. Kapasita hiyo ikifa vibaya, mtu huyo ndiye waya wa ardhi. Iondoeni, wekeni waya wa pini tatu, na ardhi ifungwe kwa skrubu yake yenyewe kwenye chasisi. Kama hujawahi kuifanya kazi hiyo, mpelekee aliyewahi, umlipe.

Na jihadharini na vibodi vidogo vinavyouzwa sasa vya kupandisha volti 12 kuwa 200 na zaidi, ili mtu aweke valvu halisi ndani ya pedali. Ni vidogo kama kiberiti na vinaonekana kama vya kuchezea. Si vya mwanafunzi wa mwaka wa kwanza.

Limebaki la biashara. Mnaanza kuuza, na si vibaya. Fundi naye ana kodi ya nyumba. Ila usibandike nembo ya watu juu ya sanduku lako. Sema imetengenezwa kwa kuufuata mlio wa amplifaya fulani, sema mchoro ulianzia kwa nani kama unamjua, na umwambie mnunuzi imeacha nini: kwamba ile ya kubonyea haimo, au kwamba imepangwa kwa ajili ya miksa. Mpigaji akijua anachonunua harudi kugomba. Wala msikwangue namba za aisii na kumimina gundi juu ya bodi ili msiigwe. Bill Finnegan wa Marekani aliimwagia gundi pedali yake ya Klon Centaur, iliyotoka katika miaka ya 1990, na watu waliibandua wakauchora mchoro wote. Gundi ilimsumbua fundi wa matengenezo tu.

Badala ya gundi, geuza kifuniko, na ndani yake uandike kwa kalamu isiyofutika: tarehe, mchoro uliouanzia, ulichobadilisha, mkondo na volti ya kuzima ya kila transista, na volti ya kila dreni baada ya kumaliza kuzungusha. Ukiniletea pedali inayokoroma, hapo ndipo nitakapoangalia kwanza. Na ukiandika volti za dreni, andika pia betri ilikuwa na volti ngapi siku hiyo, maana 4.5 ya betri mpya na 4.5 ya betri iliyochoka ni vipimo viwili tofauti, na nikiikuta namba peke yake itabidi nianze kupima upya.